Waya Wenye Fundo

Nyumbani, 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kuanza na jambo hili kabla sijakujulia hali, lakini nikilisukuma mwisho wa barua najua sitaliandika. Sijawahi kumwambia mtu yeyote: siijui rangi nyekundu. Sisemi kwamba siipendi. Siioni kama watu wengine wanavyoiona. Nyekundu iliyokolea kwangu ni nyeusi tu, na iliyopauka ni kama vumbi. Mwalimu akisahihisha daftari langu kwa kalamu nyekundu, mimi naona mtu mwenye mwandiko mbaya kaandika juu ya mwandiko wangu. Taa za barabarani nimezikariri kwa mpangilio: ya juu simama, ya chini nenda.

Nakuambia wewe kwa sababu hatujawahi kuonana, na ni rahisi kumwambia mtu ambaye sitakutana naye mlangoni kesho asubuhi. Sababu ya pili utaiona mbele.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama anashona sare za shule, na vitambaa vimejaa mpaka kwenye kiti changu cha kusomea. Baba bado anapima mizigo ghalani na bado anapiga mluzi nje ya wimbo. Mimi niko kidato cha tatu. Wenzangu wananiita Kamusi, na hawanisifu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani anashika mama, na mimi kwenye simu maneno yananikauka.

Anwani yako amenipa baba. Aliiandika nyuma ya pakiti ya dawa ya kikohozi akasema, "Usimwonyeshe mama yako." Ukweli ni kwamba hapa nyumbani ukitajwa wewe, mama hugeukia kazi. Anakanyaga cherehani tu, hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano.

Jambo lenyewe ni hili. Baba anataka kununua risiva ya sinema ya nyumbani. Kuna mbili dukani. Moja ni kubwa, ina taa kibao na sehemu tisa za kuunganishia spika. Muuzaji alitueleza kama watoto wa chekechea: "Hili boksi ndilo linakusanya sauti kutoka kwenye televisheni na simu, linazigawia spika. Bomu likilipuka kwenye filamu, mzee, utalala chini!" Baba akamjibu, "Sitaki kulala chini. Nataka muziki." Nyingine ni ndogo, nyeusi, haina mbwembwe, sehemu za spika ni tano tu. Muuzaji aliionyesha kwa kidole cha mwisho, kama mtu anayeonyesha panya.

Mwezi wa saba baba na mama watatimiza miaka kumi na minane ya ndoa. Baba anasema kuna wimbo ulitakiwa kupigwa siku ya harusi yao na haukupigwa. Anataka upigwe mwaka huu, hapa sebuleni, na usikike vizuri, kwa sababu hatapata nafasi ya tatu. Nilipomuuliza kwa nini haukupigwa alisema, "Mtambo uligoma," kisha akatoka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Hatuna geti.

Kanipa mimi kazi ya kuchagua na kuunganisha, eti kwa kuwa nasoma sana vitabu. Ndipo inapokuja sababu ya pili. Kitabu cha maelekezo kinasema: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Wewe ni fundi redio na unashinda na nyaya kutwa nzima. Naomba unisaidie mambo mawili: risiva ipi inafaa kwa muziki, na mtu kama mimi afanyeje na nyaya.

Wako mpwa,
Kamusi


Karakana, 2 Machi

Mpwa wangu Kamusi,

Marahaba. Barua yako imenikuta nina redio ya mzee mmoja tumbo wazi mezani. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini hilo lilianza kulalamika kabla hujazaliwa. Paka wa karakana amezaa ndani ya kasha la spika kuukuu, kwa hiyo kasha hilo haliuzwi.

Nijibu la risiva. Usihesabu wati. Wati zinazoandikwa kwenye boksi ni kama umri anaokutajia mtu anayetafuta mchumba. Usihesabu sehemu za spika pia. Mtengenezaji ana pesa ileile. Akiigawa kwenye sehemu tisa, kila moja inapata kidogo. Muziki unahitaji spika mbili tu zinazoelewana.

Fanya hivi. Nenda na wimbo unaoujua, si wa dukani. Wimbo wa dukani umechaguliwa ili usikie besi usahau mengine. Mwambie muuzaji azime vikorombwezo vyote: sauti ya ukumbi, sauti ya uwanja, sijui sauti ya nini. Kuna kitufe kinachoupitisha wimbo moja kwa moja bila kuupaka poda. Kibonyeze. Halafu shusha sauti mpaka muuzaji akuone huna akili. Risiva mbaya ukiishusha, mwimbaji anapotea, inabaki ngoma. Nzuri ukiishusha, mwimbaji anabaki yuleyule, amesogea mbali tu. Msikilize anapovuta pumzi kabla ya mstari. Ukiisikia pumzi, umepata.

Mwisho, inyanyue. Nzito ndiyo yenye kitu tumboni.

Mama yako bado anaimba mdomo umefungwa akiwa anashona? Alikuwa na tabia hiyo hata shuleni. Walimu walidhani ni nyuki.

Hilo jambo lako jingine nimelisoma.

Mjomba wako


Nyumbani, 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na paka hajambo na wanawe. Sisi ni wazima. Sare zimeisha, sasa mama anashona mapazia ya ukumbi fulani, na nyumba nzima ni kama tunaishi nyuma ya jukwaa. Ndiyo, bado anaimba mdomo umefungwa. Nimemsikiliza wiki nzima kwa ajili yako. Anaacha tu sindano inapokatika.

Nilikwenda dukani na baba. Nilitaka baba azungumze lakini alisema, "Msomi ni wewe." Nikamwomba muuzaji azime vikorombwezo. Akaniuliza, "Vyote?" Nikasema vyote. Akasema, "Kijana, hapo unanunua gari unatoa viti." Sijui kamwe la kumjibu mtu mpaka nifike nyumbani. Lakini nilibonyeza kile kitufe, nikaweka wimbo wa baba, nikashusha sauti kama ulivyosema. Kwenye ile kubwa alibaki mpiga ngoma peke yake. Kwenye ile ndogo, mjomba, niliisikia pumzi! Mwimbaji alivuta pumzi fupi, kama mtu anayetaka kusema jambo akaogopa, kisha akaanza. Nilimwangalia baba. Alikuwa anaangalia bei ya pasi.

Tukanyanyua zote mbili. Ile ndogo ndiyo nzito. Muuzaji akasema, "Haya, kila mtu na ugonjwa wake." Tumeichukua, pamoja na spika mbili na waya bapa wenye nyuzi mbili. Vyote viko kwa jirani yetu kinyozi, chini ya benchi la wateja, ili mama asivione.

Njiani nilimuuliza baba tena kuhusu mtambo. Safari hii hakukuwa na geti la kwenda kuangalia. Alisema siku ya harusi mtambo wa muziki ulikuwa wako, wa kwanza kuumiliki, na uliungua hata wimbo mmoja haujapigwa. Moshi ulitoka, watu wakakaa kimya kama wako msibani, wakaanza kuaga mapema. Wewe hukusema neno. Wiki ileile ukahama mji. Na kwamba kabla ya harusi ulisema jambo kuhusu baba, mama akalisikia.

Kuna neno nataka kukuuliza. Mwaka jana mama alinituma uzi mwekundu wa gauni la bibi harusi fulani. Nikaleta mweusi. Alikuwa ameshashona nusu ya mkono chini ya balbu hafifu ndipo alipogundua. Hakunipiga. Alisema tu, "Unafanya makusudi, kama mjomba wako." Sikuelewa. Sasa naona kama naelewa kidogo, lakini sitaki kuelewa vibaya.

Je, ulifanya makusudi?

Na la nyaya hukunijibu.

Mpwa wako,
Kamusi


Nyumbani, 11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua kutoka kwako. Labda imepotea posta, au labda nimekuuliza swali lisilo na adabu. Kama ni hilo la pili, naomba unisamehe. Kwenye karatasi huwa nasema mambo ambayo mdomoni yangenisonga.

Sisi hatujambo. Mama alikuwa na mafua, amepona. Baba anajifunza kucheza, peke yake, bafuni. Tunasikia ndoo zikianguka.

Jumamosi mama alikwenda kupima watu nguo, nasi tukaleta risiva kutoka kwa kinyozi tuijaribu. Kwenye risiva na kwenye spika alama za kujumlisha na kutoa zimechongwa, hizo naziona. Shida ni waya. Una nyuzi mbili zilizoshikana na baba anasema moja ni nyekundu na moja nyeusi. Mimi naona mapacha. Nilitaka kumwambia baba, "Hebu nionyeshe." Ni maneno mawili tu, mjomba. Sikuweza. Angeuliza kwa nini. Nikabahatisha.

Muziki ulitoka, lakini ulikuwa wa ajabu. Gitaa lipo kushoto, lipo kulia. Besi hakuna. Na mwimbaji hayupo! Yaani yupo, ila kama anaimba chumba cha pili akiwa amejifunika blanketi. Baba alikaa kwenye kochi mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Ni nzuri." Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa zawadi isiyo yake.

Imebaki miezi miwili. Tafadhali niambie nimekosea wapi. Lile swali jingine usilijibu kama hutaki.

Mpwa wako,
Kamusi


Karakana, 27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua haikupotea posta. Ilikuwa hapa, chini ya redio ya yule mzee. Redio imeondoka, barua imebaki. Paka wamekuwa wakubwa, wawili wamechukuliwa na muuza vitabu. Goti ni lilelile.

Risiva haina kosa na wewe huna kosa. Spika moja umeiunganisha kinyume. Spika ni kama ngozi ya ngoma, inakwenda mbele na kurudi nyuma. Zikiungwa sawasawa, zote mbili zinasukuma pamoja na kuvuta pamoja. Ukiigeuza moja, hii ikisukuma ile inavuta. Hazipigi kelele, hazitoi moshi, kila moja ukiisikiliza peke yake ni nzima. Lakini yule anayesimama katikati yao, mwimbaji, anafutika. Wengi wanarudisha risiva dukani kwa ajili ya hilo, na dawa yake ni kugeuza waya mmoja tu.

Sasa namna ya kuzijua nyuzi. Fumba macho. Pitisha ukucha kwenye waya toka mwanzo. Waya bapa nyingi upande mmoja ni laini, mwingine una mfuo mwembamba kama pindo la shuka. Ukiukuta, hiyo ndiyo alama yako. Ukiukosa, zitenganishe nyuzi mwishoni, ushike mmoja, ufuate kwa vidole bila kuuachia mpaka mwisho wa pili, hapo uufunge fundo dogo. Funga na huku ulikoanzia. Wenye fundo ni wa kujumlisha, kila mahali, siku zote. Usimwamini mtu akikuambia "ule pale." Amini kidole chako.

Mimi nafanya hivyo tangu nianze kazi. Vijana wangu wa karakana wanadhani ni urembo.

Kuhusu ile siku: umeme ulikatika jioni. Nikaamua kutumia betri ya gari. Giza lilikuwa limeanza kuingia na watu walikuwa wanapiga makofi wakitaka muziki. Hayo yanatosha.

Mjomba wako


Nyumbani, 14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo, isipokuwa ndoo moja ya bafuni imepasuka.

Mama alipotoka, tulileta risiva tena nikageuza waya mmoja kama ulivyosema. Mwimbaji alirudi. Alisimama katikati kabisa, juu ya televisheni, mahali ambapo hakuna spika, kama mtu aliyeingia chumbani bila kupita mlangoni. Baba alisema, "Hee!" akavua kofia. Nimefunga mafundo. Ahsante.

Sasa nitaandika jambo gumu na nitaliandika polepole.

Nimezisoma tena barua zako zote. Umenieleza waya kwa ukucha, kwa mfuo, kwa fundo, kwa macho yaliyofumbwa. Paka umewahesabu lakini hukusema wa rangi gani. Fundi mwingine yeyote angeniandikia mstari mmoja: mwombe baba yako akuonyeshe nyekundu. Wewe hukuitaja rangi hata moja. Mtu hawezi kuwa fundi redio miaka yote hiyo akaandika barua kuhusu nyaya bila kuitaja rangi, labda awe anaikwepa. Najua kwa sababu nami naikwepa. Nikieleza shati langu nasema "lile la mistari."

Halafu nilikwenda maktaba ya shule, kwenye kitabu cha baiolojia. Kinasema hali hii mtoto wa kiume huirithi kupitia kwa mama yake. Mama mwenyewe anaona rangi zote vizuri, anaibeba tu bila kujua. Na kwamba mara nyingi ukitafuta katika ukoo huo utaikuta kwa kaka wa mama.

Mjomba, betri ya gari ina koleo mbili za kubania. Nimeziona kwa fundi magari wa mtaa wetu. Nilimuuliza ni rangi gani. Alinicheka, akaniambia, akasema ukizigeuza kifaa kinaungua. Kwangu zote zilikuwa nyeusi, na ilikuwa mchana.

Mama anaamini ulifanya makusudi kwa sababu hukumtaka baba. Ameamini hivyo maisha yangu yote. Naomba ruhusa nimwambie.

Mpwa wako,
Kamusi


Karakana, 1 Julai

Kamusi,

Marahaba.

Wamekuita jina sahihi. Kila kitu kwako kina maana yake.

Ruhusa sikupi. Hapa nina wateja wanaonipa redio za marehemu baba zao. Ukimwambia mtu kwamba fundi wake hajui waya upi ni upi, hatauliza kama anapima kwa mita na kidole. Atachukua redio yake aondoke. Na mama yako nitamwambia nini, baada ya muda wote huu? Siku ile aibu ilinitisha kuliko hasira yake. Kwangu ilikuwa nafuu anione mbaya kuliko anione sifai. Nilikuwa kijana. Sasa si kijana, lakini barabara niliyoishika ndiyo hiyohiyo.

Na sikumkataa baba yako. Nilisema hajui kucheza. Hilo tu nilisema, na nasikia ndoo zinanishuhudia.

Wewe bado una umri wa kusema. Sema lako. Langu liache.

Nimekuwekea kwenye kifurushi hiki waya mzuri zaidi kuliko huo wa dukani, vipande viwili, vimeshafungwa mafundo. Vitumie siku hiyo. Muziki upigwe.

Mjomba wako


Nyumbani, 22 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sisi sote hatujambo, na safari hii nasema hivyo nikimaanisha. Kifurushi kilifika. Nitakueleza siku ilivyokwenda bila kuongeza chumvi.

Mama alitoka asubuhi kupeleka mapazia. Baba na mimi tukaleta vitu kutoka kwa kinyozi. Baba alishika tochi na kunipa ushauri ambao sikuuhitaji. Nilitumia nyaya zako. Nilifumba macho, nikaunganisha wenye fundo kwenye kujumlisha, huku na kule. Nikabonyeza kile kitufe cha moja kwa moja.

Mama alirudi kabla ya saa sita, mkoba begani, akasimama mlangoni.

"Hii nini?"

"Kaa," baba akasema.

"Nina kazi."

"Dakika nne tu, mke wangu. Kaa."

Hakukaa. Baba akanipa ishara, nikawasha. Gitaa lilipoanza mama alishika fremu ya mlango. Nadhani aliujua wimbo palepale. Kisha ikaja ile pumzi, na mwimbaji akaingia, akasimama katikati yetu. Baba akanyoosha mkono. Mama akauangalia kama kitambaa ambacho hajaamua atakikata vipi, halafu akaweka mkoba chini.

Walicheza. Baba alimkanyaga mara kadhaa. Mama alicheka akasema, "Kaka alisema kweli. Hujui kucheza." Sijawahi kumsikia akisema "kaka." Baba naye alisikia, akajifanya anahesabu hatua.

Wimbo ulipoisha mama aliona waya unaning'inia nyuma ya kabati. Unamjua, hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Aliinama kuuchomeka, vidole vyake vikakuta fundo. Hakuinuka.

"Nani kafunga hili fundo?"

"Ni mimi niliyeunganisha, mama."

"Sijauliza nani kaunganisha."

Baba akasema anakwenda kuangalia geti.

Mjomba, nilikumbuka ulivyonikataza. Nilikaa chini karibu naye, sakafuni, na nikasema langu. Nilisema, "Mama, ule uzi mweusi sikuuleta makusudi. Mimi siioni nyekundu. Naiona nyeusi." Sauti yangu ilitoka nyembamba sana, lakini ilitoka.

Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaniona sifai."

Akanishika kichwa, akakivuta begani kwake kama nilipokuwa mdogo. Akauliza hali hiyo inatoka wapi. Nikasema kitabu kinasema inapita kwa mama, na mama mwenyewe haijui. "Nani mwingine anayo?" akauliza. Nikasema, "Mama, nimekuambia langu tu."

Bado alikuwa ameshika lile fundo, analizungusha kwa kidole na gumba. Halafu akaanza kusema, si kwangu hasa. Alisema mlipokuwa watoto mlikuwa na mataulo mawili yanayofanana, ila rangi, lake na lako. Lako ulilifunga fundo pindoni. Alikuwa anakucheka kwa hilo. Alisema hata kamba ya begi lako la shule ilikuwa na fundo. Halafu akasema, "Zile koleo za betri." Akasema, "Jua lilikuwa limeshazama." Akaweka mkono mdomoni. Kisha akasema lile neno, "Makusudi," kama mtu anayeonja chakula kilichochacha, na akalia kidogo, na hakukanyaga cherehani.

Sikusema lako, mjomba. Amelisema mwenyewe. Kama nimekukosea, nikaripie.

Jana jioni nilimwambia naandika barua hii, nikamwachia nafasi chini aandike. Alisema yeye si mtu wa kalamu. Alikwenda kwenye kabati lake la nyuzi, akakata vipande viwili kutoka nyuzi mbili tofauti, akakifunga fundo kimoja, akanipa. Maneno yake ni haya, nimeyanakili neno kwa neno:

"Mwambie wenye fundo ndio mwekundu. Nina gauni la kumalizia na uzi wa rangi hiyo umeniishia. Aende dukani kwao, aulinganishe, ahakikishe kwa muuzaji, aulete. Aulete mwenyewe, mkononi. Akiutuma kwa posta nitaurudisha. Na mwambie wimbo mmoja niliomdai tangu siku ile umepigwa, bado nyingine zote."

Nikazitia nyuzi zote mbili kwenye bahasha. Kwangu zinafanana kabisa, lakini nilizipitishia kidole na nikajua ipi ni ipi. Bahasha niliiacha wazi, nikavaa lile shati la mistari, nikamwambia baba nakwenda posta. Nilipotoka mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, risiva imewashwa kwa sauti ya chini, anaimba mdomo umefungwa. Nilinunua stempu dirishani. Karani aliniuliza nataka ya kahawia au ya nyekundu. Nikamwambia mimi sizitofautishi vizuri, anichagulie yeye. Akanichagulia, nikaibandika. Mistari hii ya mwisho naiandika hapahapa posta, kisha naitumbukiza barua.

Mpwa wako,
Kamusi